Mboga Isiyopanda Gari

Maji ya kulowekea mbegu yalikuwa na rangi. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa rangi ya ufizi wa mtoto, hafifu, ambayo ningeipita bila kuiona kama bakuli la kioo lisingekuwa dirishani na jua la asubuhi lisingelipiga kwa nyuma. Nililiinua, nikaligeuza taratibu. Mbegu za alizeti zilikuwa zimetulia chini, nyeusi zenye mistari, kama zilivyokuwa siku zote.

Nikajiambia ni kitambaa.

Bakuli huwa nalifunga mdomo kwa kitambaa na mpira, ili nikitaka kuchuja niliinamishe tu, mbegu zibaki ndani. Mimi ni fundi cherehani. Vitambaa vinavyochuja rangi nilivijua kabla sijajua kupika. Basi nilikitoa kile kitambaa, nikakilowanisha, nikakifikicha kwenye karatasi nyeupe kwa kidole gumba. Karatasi ilibaki nyeupe. Kilikuwa kipande cha shuka, pamba tupu, kimechemshwa mara nyingi mno. Hakikuwa na rangi ya kutoa hata kingetaka.

Nikalirudisha bakuli dirishani, karatasi bado mkononi.

Kazi ile ya kuotesha miche haikuwa yangu, ilikuwa ya mdogo wangu. Alikuwa mfanya usafi kwenye jengo la ofisi, na kila jioni alirudi na trei za plastiki ambazo watu wa ofisini walikuwa wamelia chakula cha mchana na kuzitupa. Alizitoboa kwa msumari wa moto. Mimi nilimpa vipande vya pamba vinavyobaki nikikata mashuka na sare za shule, tukavichemsha, tukavitandika kwenye trei badala ya udongo. Juu yake alimwaga mbegu zilizolowekwa, akazifunika gizani mpaka zishike mizizi, kisha akazipandisha dirishani. Zikifika urefu wa kidole, zikiwa na majani mawili tu, alizikata kwa mkasi wangu mdogo wa nyuzi, tukala zikiwa mbichi. Nyumbani kwetu tuliziita vichanga.

Mama alipokuja kututembelea mara ya kwanza na kuona dirisha zima la jikoni limejaa trei, alishika kiuno.

"Mboga imezaliwa jana, leo mnaikata kichwa? Si mngeiacha hata ijue jina lake!"

"Mama, hii mboga haijawahi kupanda gari," mdogo wangu akamjibu. "Ile ya sokoni imesafiri na lori kuliko mimi maisha yangu yote. Imekula moshi, imefungwa kwenye mfuko, nusu yake imeozea njiani. Hii imetoka dirishani ikafika mezani kwa miguu."

"Kwa miguu ipi? Haina hata mmoja."

"Inao mmoja. Ndio huo ulioushika, Mama. Hebu tafuna."

Mama akatafuna, akakunja uso, akachukua mwingine.

Mdogo wangu hakuwa mtu wa hotuba, lakini kwenye jambo hilo alikuwa na msimamo kama askari wa zamu. Maji yaliyooshea mchele na maharage yalikwenda kwenye ndoo ya bluu, na ndoo ya bluu ndiyo iliyonywesha trei. Trei ikishakatwa, ule mkeka wa mizizi na maganda tuliuvua kwenye kitambaa tukaupeleka chini uani, kwa kuku wa Fundi Saa. Fundi Saa ni jirani yetu wa chini, anatengeneza saa kwenye kibanda kinachotazama barabara, na kuku wake wanaishi nyuma, ndani ya kabati kuukuu aliloling'oa milango na kulizungushia waya. Kuku wakitaga, mayai mawili matatu yalipanda ngazi kuja kwetu. Kitambaa kikichakaa kabisa kiligeuka dekio. "Kwetu hakuna kutupa," alikuwa akisema. "Kuna kupeleka."

Mwaka huu, kabla ya mvua, moyo wake ulisimama akiwa kazini, kwenye korido ya ghorofa ya juu, ndoo yake bado imejaa maji. Daktari alisema ulikuwa moyo mbovu tangu kuzaliwa, na haukuwahi kumwambia mtu.

Aliacha mtoto wa kike wa miaka minne. Tunamwita Sisimizi, maana tangu ajue kutambaa hajaacha kubeba makombo ya chakula na kuyaficha: chini ya kitanda, ndani ya kiatu, kwenye sanduku langu la vifungo. Baba yake hatukuwahi kumjua vizuri, na msibani hakufika. Mtoto alibaki kwangu. Mama naye alikuja kwa mazishi akakaa.

Mama ni mtu asiyeweza kukaa bila kurekebisha kitu. Alikaza bawaba za mlango. Alitia kitu chini ya mguu wa meza ya cherehani, ambayo ilikuwa ikitikisika miaka yote, na sasa nikishona inatulia kama imemezwa na sakafu. Na kuna jambo jingine ambalo hawezi: hawezi kuona chombo kitupu. Kopo la chumvi likifika nusu analijaza. Birika haliachi likauke. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukimcheka, tukimwambia akiona kisima kikavu atakijaza kwa kijiko.

Sisimizi alikataa kula. Mkate aliutafuna akaurudisha mkononi. Wali aliupanga punje punje pembeni ya sahani. Kitu kimoja tu kilichokuwa kikiisha ni vichanga. Nilimkatia kila siku sahani ndogo, akaenda kuketi nayo kwenye ngazi, pale ambapo mama yake alikuwa akivulia viatu akirudi kazini, na baada ya muda sahani ilirudi tupu. Mchana, akihimizwa sana, alikula na yai la kuchemsha. Hicho ndicho kilichokuwa kikimweka hai, nilivyoamini. Nikawa naotesha bila kukosa. Mbegu nilichota kwenye chupa ya mdomo mpana aliyoiacha mdogo wangu kwenye rafu ya juu. Nilichota kwa kupapasa, uso nimeugeuza pembeni, maana niliogopa siku nitakayoona chini ya chupa. Zile zilikuwa mbegu alizozishika yeye. Kwa hiyo sikujua kwamba mbegu hazikuwa zikipungua.

Asubuhi ile, nikiwa bado nimeshika karatasi nyeupe, mlango uligongwa.

Alikuwa Fundi Saa. Kwa kawaida huanza kucheka akiwa bado kwenye ngazi. Safari hii alikuwa kimya, mkono mmoja kisu, mkono mwingine kipande cha mkeka wa mizizi.

"Fundi mwenzangu," alisema, "nataka nikuulize, na tafadhali usikasirike. Hii mikeka yenu siku hizi mnaitia nini?"

"Kwa nini?"

"Majuzi nilipoteza kuku mmoja, nikasema ni joto. Leo nimeamka, wawili wamelala ubavu. Shingo imepinda hivi. Miguu inapiga kama saa iliyokatika springi." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nimekuja kuuliza tu, kisha nishuke niwawahi. Nyama isipotee bure. Si ndiyo sheria ya nyumba hii?"

Nilikitazama kisu chake, nikatazama bakuli dirishani.

"Usiwachinje," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Usiwale. Usimpe mtu, usimpe hata mbwa. Waache hivyo hivyo."

"Kuna nini?"

"Sijui. Naomba tu, usiwaguse kwa mkono mtupu."

Akashuka kinyumenyume, kama mtu anayeondoka mbele ya nyoka.

Mama alikuwa jikoni akikuna karoti. Nilisimama mlangoni. Niliogopa maji, niliogopa kuku, lakini zaidi niliogopa swali nililokuwa nimebeba. Mama alikuwa amemzika mwanawe wa mwisho juzijuzi tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka tangu msibani. Nilijua nikiuliza na jibu likawa ninaloliogopa, sitaweza kulirudisha kinywani.

"Mama, chupa ya mbegu. Kuna kitu uliongeza?"

"Niliongeza ndiyo," alisema bila kugeuka. "Zilikuwa zimebaki mbegu chache tu, kama ukope. Unachota tu, hutazami. Nikasema mwanangu siku atakayokuta chupa tupu atalia upya. Nikaichanganya vizuri, usije ukajua."

"Mbegu ulitoa wapi?"

"Za mjomba wako. Zilibaki alipopanda msimu uliopita, nikaja nazo kwenye mkoba. Alizeti ni alizeti."

"Zilikuwa na rangi?"

Karoti ikasimama.

"Zilikuwa na vumbi jekundu la dawa," akasema taratibu. "Mbegu za kupanda zote huwa nalo, wadudu wasizile ardhini. Mimi si mtoto, najua. Niliziosha. Niliziosha na kuzisugua mpaka maji yakawa meupe kabisa, nikazianika juani, zikarudi nyeusi kama hizo zenu. Ungeona mwenyewe yalivyokuwa meupe."

"Yale maji ya kuoshea uliyamwaga wapi?"

Macho yake yalikwenda pembeni ya sinki, kwenye ndoo ya bluu.

"Si mlisema," alinong'ona, "hapa hakumwagwi maji?"

Trei zote dirishani, za mbegu alizoleta na za mbegu nyingine, zilikuwa zimenyweshwa kwa ndoo ile.

"Pakiti iko wapi, Mama?"

Alifuta mikono kwenye kanga, akapita mbele yangu bila kunigusa, akapiga magoti mbele ya meza ya cherehani. Alikuwa ameikunja pakiti ile mara nyingi sana, ikawa kitofali kidogo cha nailoni. Alipoichomoa, meza ilianza tena kutikisika. Niliikunjua. Palikuwa na picha ya fuvu na mifupa, na chini yake maandishi madogo ambayo Mama hayaoni bila miwani: mbegu hizi zimetiwa sumu, si chakula cha binadamu wala mifugo, zisioshwe kwa ajili ya kuliwa.

Zisioshwe. Kumbe mtu aliyeandika pale alikuwa amemwona Mama yangu tangu mbali.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Kwenye ngazi. Si ulimpa sahani yake ulipoamka?"

Sisimizi alikuwa amekaa kwenye daraja lake, paji la uso juu ya magoti. Sahani ilikuwa pembeni yake, tupu. Nilimwita, hakuinua kichwa. Nilimshika mashavu nikamwinua uso. Macho yalikuwa mazito, mekundu, na mdomo ulikuwa umefungwa kama amezuia kitu.

"Unaumwa? Tumbo? Sema na Mamkubwa."

Akatikisa kichwa. Sikumwamini. Nilimbeba kama alivyo, pakiti nimeibana kwapani, nikashuka ngazi nikiwa na kandambili moja. Nyingine sijui ilibaki wapi. Nilipopita uani nilimwona Fundi Saa amechuchumaa mbele ya kabati lake, amejifunga mfuko mkononi. Nyuma yangu nilisikia hatua za Mama, na pumzi yake.

Kituo cha afya hakiko mbali, lakini kila nilipomtazama mtoto barabara ilirefuka. Nilihesabu pumzi zake begani kwangu, nikapotea, nikaanza tena. Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: ni mimi niliyemkatia. Kila siku, kwa mkasi wangu, na kila sahani iliporudi tupu nilishukuru.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana aliyesuka nywele, mwenye sauti isiyo na haraka. Alisoma pakiti pande zote mbili kabla ya kumgusa mtoto. Alimmulika macho, akamsikiliza kifua, akamwambia anyooshe mikono aone kama inatetemeka.

"Ametapika?"

"Hapana."

"Jasho? Usingizi usio wa kawaida?"

"Nimemkuta kama anasinzia. Hasemi."

"Amekuwa akila hayo majani kwa muda gani?"

"Tangu msiba. Kila siku. Ndicho chakula chake," nikasema. "Hakuna kingine anachomaliza."

Daktari alivuta kiti, akakaa usawa wa mtoto.

"Wewe, mrembo. Nisikilize. Leo umekula majani mangapi? Mengi au kidogo?"

Sisimizi alimtazama daktari, akanitazama mimi, akamtazama bibi yake. Kisha akasema kitu kwa sauti ndogo sana, tukainama wote.

"Sijala mimi."

"Nani kala?"

"Kuku."

Daktari alinitazama, kisha akamrudia mtoto.

"Leo tu, au siku zote?" daktari akauliza.

"Siku zote. Naonja moja, halafu nashuka nawapa. Yanaingia kwenye waya." Akavuta kamasi. "Mama alisema kuku akila majani, yai ndani linakuwa la njano sana. Leo nimewapa, hawajaamka. Nimewaua, Bibi?"

Sijui kama nilicheka au nililia. Kitu kilinitoka kifuani kwa nguvu hata mgonjwa wa chumba cha pili akachungulia. Hakula! Wiki zote zile sisimizi huyu alikuwa akibeba chakula chake kama kawaida yake, na mimi mjinga nashukuru sahani. Nilimshika kichwa nikambusu utosini. Macho mazito yale yalikuwa ya kulia, kumbe. Alikuwa amewaona kuku kabla yetu, akarudi akakaa nalo peke yake.

Mama alisogea. Alichuchumaa mbele ya mjukuu wake, akamshika miguu yote miwili.

"Mke mwenzangu," alisema, kama anavyomwita siku zote kwa utani, "hukuua wewe. Umesikia? Wewe uliwapa chakula. Sumu niliitia mimi, Bibi yako. Nilidhani nimeiosha. Ni mimi. Useme hivyo hata ukiulizwa na nani."

"Bibi ndiye kaua?"

"Ndiyo. Bibi."

"Basi uwaombe radhi."

"Nitawaomba."

Nilikuwa nimeanza kuinuka, nimeshaona njia ya kurudi nyumbani, daktari aliponyoosha mkono.

"Subiri kidogo," alisema. Bado alikuwa ameshika pakiti. "Hao kuku walikuwa wakitaga?"

"Walikuwa."

"Mayai anakula nani?"

Nilisikia sauti ya mtoto kabla sijafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza siku ile ilikuwa na fahari.

"Mimi! La njano sana."

Nikaketi tena. Mdogo wangu aliijenga njia ile vizuri. Hakuacha hata tundu la kitu kupotelea. Kilichotoka dirishani kilishuka uani, na kilichotoka uani kilipanda ngazi, kikamenywa, kikatiwa chumvi, kikawekwa mbele ya mtoto asiyetaka kula. Na ni mimi niliyekuwa nikimhimiza: malizia, mama, malizia na kiini.

Daktari hakutudanganya. Alisema kwenye yai inaweza kuwa kidogo sana, inaweza kuwa si kitu, lakini hakuwa na kipimo pale cha kumwambia, na sumu ya aina hiyo haina dawa ya kuichomoa. Mwili wenyewe ndio huitoa. Alichukua damu. Alisema tutabaki pale mpaka jioni, anywe maji mengi, na kila baada ya muda atakuja kumtazama. Akitetemeka, akitoka jasho, akilala tusiweze kumwamsha, tumwite mara moja.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Mtoto alilala mapajani kwangu, na usingizi ule ndio ulionitesha kuliko yote. Mtoto amelia tangu asubuhi, lazima alale. Lakini kila alipotulia nilimwamsha.

"Sisimizi."

"Mmh."

"Upo?"

"Nipo, Mamkubwa. Acha."

Kisha nikamwamsha tena. Mpaka akaniambia, bila kufungua macho, "Ukiniamsha tena nitamwambia daktari," na mama mmoja aliyekuwa amekaa na bandeji mguuni akacheka, na mimi nikacheka huku mikono ikitetemeka. Niliitazama mikono ile nikajiuliza: na mimi nimekula mayai mangapi? Mama je?

"Ukitaka kunilaumu," Mama alisema akitazama ukuta wa mbele, "nilaumu hapa hapa. Usije ukaninyamazia hapa, ukanilaumu mezani miaka kumi."

"Sikulaumu."

"Nilaumu. Mtu amezikwa juzi, udongo wake haujakauka, na mimi nataka kumfuatishia mwanawe. Kwa kujaza chupa!"

"Ulitaka nisione tupu."

"Nilitaka mimi nisione tupu," akasema.

Nilimshika ule mkono unaotetemeka, nikauweka juu ya mgongo wa mtoto, chini ya mkono wangu. Tukakaa hivyo, tukiusikiliza mgongo ule ukipanda na kushuka.

Jioni daktari alimwamsha, akamtembeza mstari mnyoofu kwenye vigae vya korido, akamwambia amshike vidole na kuvuta. Sisimizi alivuta kwa nguvu zake zote mpaka daktari akasema "basi, basi, utaning'oa." Alituruhusu kwenda nyumbani, turudi baada ya siku chache kwa damu nyingine, na asile yai lolote, na sisi vilevile. Damu ile nyingine baadaye ilikuja salama. Naandika hapa ili nikisoma tena nisisahau kwamba ilikuja salama, maana kuna siku nasahau.

Kuhusu zile mbegu na trei na maji, alisema visiingie kwenye taka wala bomba wala udongo. Tuvifunge, tuvipeleke kwa afisa kilimo, ambaye ana pipa la chuma lenye kufuli kwa ajili ya mabaki ya sumu.

Fundi Saa alitusaidia kubeba. Alikuwa ameweka kuku wake kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na alipoiona ile ndoo ya bluu imefungwa kwa nailoni na utepe, akakohoa.

"Kwa hiyo leo nyumba yenu inatupa," akasema.

"Tunapeleka," nikasema.

"Haya. Tupeleke." Akatembea kidogo. "Kuku walikuwa wa umri, lakini. Msijitese. Yule mweupe alikuwa hatagi, anakaa bure bila kulipa kodi." Nilijua kwamba anadanganya, kwa sababu yule mweupe ndiye aliyekuwa akimpakata akitengeneza saa.

Ofisini afisa kilimo alivaa glavu. Alipokea trei, vitambaa, ndoo, kuku. Ilipofika zamu ya chupa, nilishindwa kuiachia. Nilimweleza kwamba humo ndani kuna mbegu chache ambazo si za sumu, ni za marehemu, kama angeweza kuniruhusu nichague hata moja. Aliishika juu kwenye mwanga, akaigeuza. Zilikuwa nyeusi zenye mistari, zote.

"Ipi?" akaniuliza kwa upole.

Nilitazama. Nilitazama muda mrefu. Kisha nikamwachia.

Dirisha la jikoni lilibaki wazi siku nyingi. Mwanga uliingia mpaka sakafuni, sehemu ambayo hatukuwahi kuiona na jua. Mama alipita mbele ya ile rafu ya juu mara nyingi kwa siku, akaitazama sehemu ya chupa, akaondoka bila kuweka kitu. Najua ilimgharimu.

Ni Sisimizi aliyerudisha miche. Alikuta trei moja kuukuu nyuma ya kabati, ambayo mama yake hakuwa bado ameitoboa, akaileta pamoja na ule msumari wa kutobolea. "Utie moto msumari, Mamkubwa," aliniambia. Nilimwambia hapana. Nilimwambia kesho. Mwishowe nilikwenda dukani, duka la chakula, nikanunua alizeti za kula, nikamwuliza muuzaji zimetoka wapi na zimepakwa nini, mpaka akaniuliza kama natoka serikalini. Nilinunua na ndoo nyingine. Hii ni nyeupe, ili rangi isipate pa kujificha, na maji yake ni ya bomba tu.

Sasa utaratibu wetu ni huu. Asubuhi naliinua bakuli mbele ya dirisha, na mtoto anapanda kigoda kuangalia pamoja nami. Vichanga vikifika urefu wa kidole, nakata vyangu kwanza. Nakula nikiwa nimesimama, mbele yao wote wawili. Kisha naketi kwenye mashine, nashona, na hakuna anayegusa trei mpaka siku ya pili. Mama anasema nimezidisha, hata mfalme hana mwonjaji kama huyu. Lakini namwona anavyonitazama nikishona. Anatazama mikono yangu.

Sisimizi huja kila mara kuegemea meza, ambayo bado inatikisika, sikutaka itiwe kitu tena.

"Mamkubwa, bado upo?"

"Nipo."

Jana asubuhi alinitangulia dirishani. Alikuwa ameliinua bakuli mwenyewe kwa mikono miwili, jua likipita katikati, na mbegu zimetulia chini.

"Ni meupe," alisema. "Meupe kabisa, Mamkubwa. Tazama."

Nilitazama. Yalikuwa meupe kweli. Nyuma yangu Mama aliacha kuosha vyombo, nikajua naye anatazama, na anakumbuka maji mengine aliyoyaona meupe hivyo hivyo.

"Nimeyaona," nikasema. "Yaweke chini, mama. Tusubiri."